Karai Kichwani, Starehe Mdomoni

Walioninyima bati za nyumba ni wawili: mwenyekiti wa kitongoji chetu na msimamizi wa barabara. Majina siandiki. Wenyewe wanajijua, na wakisomewa haya watakohoa.

Mafuriko yaliondoka na nyumba yangu huku Ruaruke, mlango na fremu yake. Sisi tulipona kwa kupanda juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachojenga shambani ili kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Siku nne tulikaa juu kama kuku. Maji yalipokauka tukabaki kuishi humo humo, mke wangu akapanda mpunga tena. Mimi nilichotaka ni bati tu, basi.

Barabara ikaja. Kazi ilikuwa kubeba udongo kwa karai, kutwa. Ujira wake kiduchu kama chumvi ya kuomba, lakini kiduchu hicho hicho ningekigeuza bati, moja moja. Nikaenda kuomba kazi.

"Mwenyeji?" akauliza msimamizi, mtu wa bara.

"Mwenyeji."

Akanyoosha kidole kwenye madungu. "Wenyeji hamtaki kazi. Mwenyekiti wenu kaniambia, na mwenyewe nawaona. Toka asubuhi mmekaa juu mnapunga upepo."

Juu pale alikuwa mke wangu, anarusha mawe kwa kombeo, sauti imemkauka kwa kufukuza ndege. Na mwenyekiti alisema vile ili nafasi ziende kwa mashemeji zake, ambao walikuja, wakaliona karai, wakaondoka.

Kesho yake nikarudi na kofia nyingine. "Natoka Kigoma."

"Kigoma ipi?"

"Ya ndani ndani."

Akaniandika. Nikakuta wenzangu tisa, wote wa Kigoma. Mmoja ni jirani yangu, tumeingia jando pamoja. Akanipa mkono: "Za huko, ndugu mgeni? Ziwa halijambo?"

"Halijambo, linakusalimu."

Wiki tatu tukasifiwa. "Hawa ndio watu!" msimamizi alikuwa akisema. "Wageni wanachapa kazi, wenyeji wanatazama!"

Siku tuta la barabara lilipofika shambani kwangu, mke wangu alikuwa anapakua wali. Kwetu huwezi kula mtu anapita ukanyamaza. Akaita kutoka juu, "Karibuni!" Na kwetu ukikaribishwa chakula jibu ni neno moja, la kumwambia mlaji aendelee kula kwa raha zake, linatoka lenyewe kama chafya. Watu kumi, makarai kichwani, tukaitika kwa pamoja: "Starehe!"

Msimamizi akageuka. "Mnataka nini?"



"Wanataka starehe," akasema mwenyekiti, aliyekuja siku hiyo kumwamkia bosi wake. "Hawa wenyeji, bosi. Mtu wa Kigoma hajibu hivyo. Si nilikwambia? Hawa na kazi wapi na wapi!"

"Starehe! Saa za kazi!" msimamizi akafoka.

Tukafukuzwa sote kumi, kwa uvivu. Karai lilikuwa bado kichwani mwangu, nikauliza nilitue wapi.

"Lifikishe kwanza," akasema.

Nikalifikisha.

Bati sikupata. Naishi dunguni mpaka leo, na barabara inapita chini yangu, nzuri tu. Wapita njia huinua macho wakaniona nimekaa, na wanachosema nakijua. Nawaambia karibuni.