Kicheko Kinachochelewa

Saa tano asubuhi, Jumapili, Bucharest. Sidonia Rauchwerger yuko jukwaani na beseni la viazi. Anamtupia mumewe wa mchezoni neno la kejeli, kisha anafunga mdomo. Anahesabu kimoyomoyo: moja, mbili. Hapo ndipo ukumbi unaangua kicheko.

Mchezo ni wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa huku, na watazamaji wengi hawaijui tena. Wamevaa hedifoni, mkalimani anawasomea kwa Kiromania kutoka kibanda cha nyuma. Ndiyo maana wanachelewa kucheka.

"Zamani nilicheza na watu, siku hizi nacheza na mkalimani," anasema baadaye kwenye chumba cha kuvalia. "Akipata mafua, mimi sichekeshi."

"Usimsingizie mafua," anadakia Otilia, mshona mavazi. "Jumapili iliyopita alikuwa mzima, na hawakucheka."

"Shoga, wewe fungua vifungo, mdomo ufunge."

Leo Sidonia amehesabu watu tisa tu wasiovaa hedifoni, wote wazee. Binti yake, Mirela, alikuwa safu ya tatu. Alivaa.

Hilo ndilo linalomuuma.

Mwaka 1941, akiwa na miaka kumi na sita, Sidonia alifukuzwa na jeshi la Romania kutoka mji wa kwao, Cernăuți, kwa kuwa Myahudi, pamoja na mama yake, wakapelekwa ng'ambo ya mto Dniester. Walilala kwenye zizi la nguruwe. Humo aliwaigiza askari waliowalinda, mwendo wao na ukali wao, na wanawake wakashika mbavu.

"Walikuwa wanakufa kwa homa ya chawa, lakini walicheka papo hapo. Sikungoja," anasema. Mama yake alizikwa hukohuko.

Baada ya vita aliingia kwenye uigizaji. Amecheza filamu kumi na moja: mfuaji, muuguzi, muuza kabichi. Hakuna hata moja yenye sauti yake. Waongozaji walisema lafudhi yake ya Kiyidi inafichua alikotoka, wakambandika sauti ya mwingine.

Basi Mirela alipozaliwa, akaamua nyumbani kitazungumzwa Kiromania tu.

"Nilitaka mtoto ambaye akifungua mdomo, hakuna atakayejua ametoka wapi. Nikadhani namkinga. Kumbe nilimfungia mlango wa kwetu, na yeye akabaki nje na mimi ndani."

"Usiku alikuwa anaota kwa Kiyidi," anakumbuka Mirela. "Asubuhi nikimuuliza, Mama, ulikuwa unasema nini? Ananijibu: Wewe kula tu."

Sasa, mwaka 1979, Sidonia ana miaka hamsini na nne. Mwisho wa mwezi huu anastaafu, na limebaki onyesho moja. Anataka kitu kimoja: binti yake amsikie kwa masikio yake mwenyewe, walau mara moja. Kwa hiyo kila jioni, jikoni, wanarudia onyesho la viazi.

Juzi Mirela alicheka mapema.

"Mbona unacheka? Sijafika!"

"Si nimekariri, Mama."

"Umekariri kicheko. Maneno je? Haya, tuanze upya."

Mirela ameahidi kwamba siku hiyo hedifoni zitakaa mapajani.

"Na usipoelewa?" mama yake anamuuliza.

"Nitakuangalia usoni."

Sidonia anachukua kiazi, anakigeuzageuza mkononi.

"Siku hiyo sitahesabu," anasema. Anaanza kukimenya. "Au nitahesabu moja tu."