Msomaji Wangu wa Kinu cha Posho

Kuna waandishi wenye wasomaji elfu kumi. Mimi nilikuwa na mmoja, na huyo alikuwa amejaa unga kuanzia kope hadi viatu. Jina lake Ngari, na kazi yake ilikuwa kuendesha kinu cha posho nyuma ya soko la Runyenjes. Naandika habari zake kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu mpaka leo sijamsamehe.

Mimi na Ngari tulitahiriwa siku moja. Kwetu Embu hilo si jambo dogo. Mwenzako wa rika anaweza kuingia jikoni kwako bila kubisha, akafunua sufuria, akajipakulia. Anaweza kukutania mbele ya mkeo nawe ukacheka. Asichoweza kufanya ni kukuuza kwa watu. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini kila mtu anajua.

Mimi ni Mwalimu Muchangi, hesabu na sayansi, darasa la sita. Kwa miaka saba, kila Jumamosi, nilikuwa nikiandika kitabu. Mke wangu Winfred alisema si kitabu cha maana, yaani hakikuwa na kilimo wala Biblia ndani. Kilihusu ufalme uliokuwa chini ya mlima Kirimiri, ambako watu walipanda vinyonga wakubwa kama lori. Najua utauliza kwa nini kinyonga. Farasi sijawahi kumwona, na punda namjua sana kiasi cha kutomheshimu. Taabu ya kinyonga ni kwamba hana haraka. Jeshi langu lilitumia sura nne kufika vitani, na lilipofika adui walikuwa wameshavuna na kuanika. Mimi niliona nimeharibu. Ngari aliona hapo ndipo penye utamu.

"Hivyo ndivyo serikali hufika," alisema, akafungua ukurasa mwingine.

Ngari aliishia darasa la saba, lakini alisoma kama alivyosaga, polepole na bila kuruka punje. Injini inanguruma, akina mama wamepanga foleni na mahindi yao, yeye kakaa juu ya gunia, daftari usoni. Maswali yake yalinitoa jasho. "Mwalimu, huyu malkia alitoka kwake sura ya pili. Sasa ni ya tisa. Amekula nini?" Nikaongeza viazi vitamu. Kesho yake: "Hivyo viazi alitoa wapi? Ni msimu gani?" Nilikuwa nimetunga mlima wenye mlango na mto wa moto, na Ngari alivimeza vyote bila kutafuna, ila viazi vitamu ndivyo vilivyotaka ushahidi. Nikaenda kuandika shamba zima la viazi, na tarehe ya kupanda.

Winfred aliniambia, "Ungepalilia kahawa vile unapalilia hizo karatasi, saa hii tungekuwa mbali." Sikumjibu, maana alikuwa anasema kweli na kahawa ilikuwa inasikia.

Halafu mwaka wa tisini na tano ikaja barua. Wachapishaji wa Nairobi, niliowatumia sura tatu za kwanza, walitaka kitabu kizima, kikiwa kimepigwa taipu, kabla ya Septemba kwisha. Nilikimbia hadi kinuni. Ngari akazima injini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata msafara wa mazishi ukipita, akanikumbatia, nikarudi nyumbani mweupe pepe.

Kitabu kizima kilikuwa madaftari saba ya mkono. Nakala hakuna, ila zile sura tatu za Nairobi. Nilikuwa nimekwisha kukubaliana na mpiga taipu wa Embu mjini kwamba nitampelekea Jumatatu ya pili yake. Ngari akaniomba nimwachie yote kwa hizo siku kumi. Alikuwa amebakisha daftari la saba tu, lakini alitaka kurudia mwanzo ili mwisho umwingie vizuri. Mwandishi gani anamkatalia msomaji ombi kama hilo? Nikamwachia, tena kwa kujivuna.

Katikati ya siku hizo kukawa na mkutano wa injili uwanjani, na Ngari akaokoka. Nilimpongeza kwa moyo wote. Sikujua linanihusu.

Kanisani kwetu, mtu akiokoka, Jumapili inayofuata analeta mbele vitu vya maisha yake ya zamani. Anavitaja kimoja kimoja, watu wanashangilia, kisha vinachomwa nyuma ya kanisa. Jumapili ile walikuwa watano. Mwaniki fundi viatu alileta kibuyu cha ugoro na pakiti mbili za sigara, akapigiwa vigelegele. Mwingine alileta mfuko wa muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, mbichi kabisa. Mama mmoja alileta hirizi, na hapo kanisa likatetemeka, maana mwaka huo nchi nzima ilikuwa inasaka waabudu shetani na hata mwenye pete kubwa alitazamwa mara mbili.

Ngari alikuwa wa mwisho. Nikamwonea huruma kutoka benchi la tatu. Mtu hanywi, havuti, hatafuni, hata unga wa wateja hapunji. Ataleta nini, mkanda wa injini? Nilikuwa bado natabasamu alipoinama, akafungua gunia, akatoa madaftari yangu saba.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nilikuwa napenda hii maneno kuliko Neno. Nilikuwa nasoma kila siku. Kuna mlima iko na mlango, na ndani kuna malkia anapanda kinyonga..."

Akasimulia. Mungu wangu, alisimulia vizuri kuliko mimi. Zile sura nne za kutembea alizikata kwa sentensi moja. Watu walicheka palipostahili, wakashika vifua palipostahili. Nilimchukia na nikamwonea fahari kwa wakati mmoja. Akawafikisha kwenye mto wa moto, adui nyuma, kinyonga ameinua mguu mmoja anaupimapima hewani. Hapo akanyamaza.

Cucu Ciakuthii, bibi mkongwe wa benchi la mbele, hakuvumilia. "Na akavuka?"

"Sijui, cucu. Nilikuwa nimefika hapo Bwana akaniita."

"Sasa nani anajua?"

Kanisa zima lilikuwa linangoja jibu, na mwenye jibu nilikuwa mimi. Pasta akauliza kwa sauti nzito, "Ni nani alikupa vitabu hivi?"

Ngari akanitazama. Akanitazama mpaka nikahisi shati linanibana.

"Vilitoka kwa adui," akasema.

Watu wakaitikia amina. Ningeweza kusimama. Pengine ningeyaokoa madaftari, lakini mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa nyuma yangu kabisa, na baada ya hapo hakuna mzazi angeniachia mtoto. Winfred akaweka mkono juu ya goti langu, akaukandamiza. Nikakaa. Wimbo ulipoanzishwa, niliimba. Madaftari yakachomwa pamoja na ugoro, na moshi wake ukafanya waumini wote wapige chafya.

Siku ya tatu Ngari aliingia jikoni kwangu bila kubisha, akafunua sufuria.

"Rika yangu, uliona vile nilikuficha? Sikutaja jina."

Alikuwa anangoja shukrani! Nikamwambia, "Uliniita adui, Ngari."

"Hiyo ilikuwa ya kanisa tu."

"Kwa nini ulibeba kitabu changu?"

Alishangaa kwamba nauliza. "Sasa ningeenda mbele na nini? Kila mtu alikuwa na kitu." Akajipakulia githeri. "Na wewe si utaandika ingine? Iko kwa kichwa."

Miaka saba yangu, ili yeye asisimame mbele za watu mikono mitupu. Akala, akapangusa mdomo, akasogeza kiti karibu, akateremsha sauti.

"Lakini rika... alivuka?"

Alivuka. Nilihangaika mwaka mzima kumvusha, na ni mahali pekee katika kitabu kile ambapo nilijua mimi ni mwandishi. Nikamtazama Ngari machoni. "Kinyonga wake alimtupa motoni," nikasema.

Machozi yakamtoka, unga ukawa ujiuji mashavuni. Akaondoka bila kuaga, na mimi, aibu iliyoje, nilisikia raha kwa dakika kama tano.

Nimejaribu kukiandika upya. Naandika ukurasa, naona maneno yamelala, naacha. Wachapishaji sikuwajibu. Ila Ngari hawezi kujizuia, na pale kinuni foleni ni ndefu. Krismasi haijafika, Cucu Ciakuthii alinisimamisha njiani akanisimulia hadithi yangu yote, hadi malkia anavyoungua na kinyonga kumwangalia tu.

"Mwalimu, wewe umesoma," alisema, akinishika mkono. "Ni mtu wa moyo gani anaweza kutunga kitu kibaya hivyo?"

Nikamwambia simjui.