Kishimbo Asipige Magoti

Wenzangu mliokulia vihambani, kwenye mashamba yetu ya mlimani, msimu wa kahawa mnaukumbuka? Shule ikifungwa tu, mikono yetu inakuwa mali ya baba. Mkubwa anazungusha mpini wa mashine, maganda mekundu yanatokea huku, punje zinatokea kule zikiteleza kama kamasi, na ile harufu tamu iliyochacha inakufuata mpaka kanisani Jumapili. Zikishakauka mnakaa kuzunguka wavu wa kuanikia, mnachambua zilizo mbovu. Mikono ina kazi, mdomo hauna. Ndipo tulipoupata Ufalme.

Msifikiri ni mchezo wa kukimbizana. Ufalme ulichezwa mmekaa, kwa mdomo tu. Mmoja anakuwa msimulizi, na wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemtunga mwenyewe: huyu ana mwindaji, yule ana mganga, yule ana malkia mwenye meno ya chuma. Msimulizi anasema, "Mmefika korongoni, daraja limekatika, unafanyaje?" Unajibu, kisha unarusha punje mbili za kahawa. Zikilalia ubapa wake, umevuka. Zikilalia mgongo, umeanguka, na usilete kilio hapa. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa moja: mtu wako ni wako. Hakuna wa kumsemea.

Kaka yangu Elirehema na rika lake ndio waliouanzisha. Mtu wake aliitwa Kishimbo, mlinzi wa mfereji, aliyepigana na dude lililoshuka kutoka kwenye theluji kuja kunywa maji yote ya mlima. Dude lilimwambia, "Piga magoti nikuache hai." Hakupiga. Sisi wadogo tulisikiliza mpaka kiburu cha ndizi na maharage kikapoa kwenye sahani. Mimi nilikuwa nikienda kuteka maji namwamkia kimoyomoyo: shikamoo, Kishimbo.

Elirehema alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa, akashuka tambarare kukata miwa. Asubuhi ya kuondoka aliniambia, "Manka, niangalizie Kishimbo mpaka Krismasi." Wenzangu waliachiwa mbuzi. Mimi niliachiwa Kishimbo, na nilimwona mzito kuliko mbuzi.

Msimu huo akaja Godlisten, binamu yetu wa Rau, kule mjini. Alikuja na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ukingo wake unaweza kukata ndizi, na viatu alivyovivua kila akiona tope, kwa hiyo kijijini kwetu alishinda amevibeba mkononi. Bibi alimwamkia yeye kwanza, maana kungoja shikamoo yake angengoja mpaka leo. Siku ya pili tu akajitangaza msimulizi. Na mtu wake akamfanya mfalme! Anasimulia yeye, anatawala yeye.

"Sasa ni miaka mingi baadaye," akasema. "Mashujaa wenu wa zamani wamezeeka."

Jamani, wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mimi ningelipewa ningeliota nalo mwaka mzima: nani amerithi mfereji, nani bado anakumbuka lile dude. Lakini kichwa cha Godlisten kilikuwa na nafasi ya kitu kimoja tu, nacho ni kuwacheka waliomtangulia.

"Kishimbo anashinda kilabuni," akaendelea. "Mfereji ameuuza kwa kibuyu cha mbege."

Wakacheka. Hata Aikande, shoga yangu wa kulala kitanda kimoja, alicheka mpaka akamwaga punje alizokwisha kuchambua.

"Huyo ana mwenyewe!" nikasema.

"Mwenyewe yuko kwenye miwa. Aje amsemee."

"Atakuja Krismasi."

"Krismasi atakuta kaburi. Kesho Kishimbo analetwa mbele ya mfalme kwa kosa la kuuza mfereji. Atapiga magoti, atoe mkuki wake, halafu tunammaliza. Au unataka kulia, Manka?"

Nilikuwa nalia tayari.

Kesho yake kabla ya kazi nilikwenda mpakani mwa kihamba nikachuma jani la isale. Nyinyi wa huku hamhitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: isale ni ule mmea tunaopanda mipakani, na jani lake ndilo mtu analompelekea aliyemkosea. Ukilipokea umesamehe, hata kama alikuchomea nyumba. Ndiyo maana mwenye hasira huficha mikono mgongoni akiliona linakuja.

Tulipokaa kwenye wavu, Godlisten akakaza sauti. "Mzee Kishimbo, mbele ya mfalme. Magoti chini!"

"Kishimbo amesimama," nikasema. "Anakuletea hiki." Nikanyoosha jani.

"Nini hii, chakula cha ng'ombe?" Akalichukua, akaanza kujipepea.

Hakuna punje iliyosogea. Kisha Aikande akapiga makofi. "Amepokea!"

"Nimepokea nini?"

"Isale! Umemsamehe Kishimbo. Kesi imekwisha."

"Mimi mambo ya isale siyajui, mimi ni wa mjini!"

Bibi, aliyekuwa akichambua upande wake, hakuinua hata macho. "Ulinyoosha mkono mwenyewe, au ulishikwa?"

Mfalme wetu akalitazama jani, akatutazama sisi. "Haya, aende zake," akasema kwa sauti ya mtu aliyekanyaga tope na viatu vyake. Kishimbo akatoka ikulu kwa miguu yake, mkuki begani.

Krismasi Elirehema akaja, amekonda, viganja vimepasuka na masizi ya miwa yameingia ndani ya mipasuko. Nilimsimulia yote huku naogopa, maana nilikuwa nimemtunza Kishimbo lakini nilimrudisha mzee.

Akafikiri kidogo. "Mgongo unamsumbua?"

"Sijui, kaka."

"Unamsumbua. Mtu hafukui mfereji miaka yote hiyo mgongo ukabaki." Kisha akauliza polepole, "Lakini magoti hakupiga?"

"Hakupiga."

Akatazama viganja vyake. "Afadhali yeye," akasema.

Juzi nimewakuta wadogo zangu wanacheza Ufalme, nikafurahi mpaka niliposikiliza. Eti Kishimbo sasa ana pikipiki na anauza sabuni za magendo! Nikawauliza kama walimwomba Elirehema ruhusa. Wakanitazama kama mgonjwa. "Dada, ni mchezo tu." Vitoto hivi vinarithi shujaa mzima, na kazi vinayoweza kumpa ni kuchekesha.

Nao waucheze wapendavyo. Siku hizi mtu anashuka Moshi, anapanda basi, na nyuma yake hakuna hata jina alilomwachia mtu amtunzie. Enzi zetu mtu alikwenda kuinama kwenye mashamba ya watu akijua kwamba huku juu, mtu wake amebaki amesimama.