Inveta ya Mkwe na Simu ya Mama

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi redio na simu pale Bunda, na tangu amwoe dada hajawahi kukanyaga sebule ya mama yangu. Hawajagombana. Ni mkwe tu. Nyumbani kwetu, upande huu wa Butiama, mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hali mbele yake, wala hamtazami usoni. Akija anasimama karibu na zizi, anasalimia kwa mbali, na mama anaitikia akiwa mlangoni, macho kwa kuku. Niliporudi kutoka chuo niliuliza sababu. Nikaambiwa ni heshima. Nikauliza heshima hiyo inaanzia mita ngapi.

"Mita zako zibaki hukohuko chuoni," mama alisema.

Sasa simu. Mama ana simu ya mezani isiyo na waya. Kitako chake, chenye laini ndani, kinakaa dirishani juu ya kabati, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Mkonga wa kusikilizia anatembea nao mpaka jikoni. Simu za kupapasa hazipendi, anasema zinampigia watu asiowataka. Hii ina vitufe vikubwa, na kimoja kimefutika maandishi kwa kubonyezwa: kile cha kumpigia dada yake, mama yangu mkubwa, anayeanika dagaa kisiwani Rukuba. Waliongea kila jioni. Habari za maana hawakuwa nazo. Mmoja alitaja alichopika, mwingine akamkosoa.

Tangu Krismasi simu ikaanza kukwaruza. Ilikuwa kama mtu anakaanga dagaa ndani ya sikio lako. Mama akawa anapaza sauti ili aushinde ule mkaango, na mama mkubwa, katikati ya makelele yale, akasikia ukali tu. Mwishowe akasema, "Mdogo wangu, mimi ni mkubwa wako. Siku ukiacha kunifokea tutaongea." Akaacha kupiga. Akipigiwa anapokea, anasema ana samaki motoni, anakata.

Mama hakulalamika. Ila jioni alikaa na mkonga mapajani kama mtu anayengoja kuitwa zahanati.

Mimi napanga Iringo, Musoma mjini, na wikiendi huwa nakwenda nyumbani. Kila niliyemuuliza kuhusu simu ile alikuwa na jibu. Jirani alisema ni mnara mpya. Mama mmoja wa jumuiya alisema ni betri. Baba mdogo alisema ni picha ya marehemu baba iliyotundikwa juu ya kabati, maana baba hakuwahi kupenda simu ndefu. Niliishusha picha, kwa kutenda haki tu. Mkaango uliendelea. Nikairudisha na kumwomba radhi.

Kisha nikaiangalia inveta. Hiki ni chombo kinachochukua umeme wa betri ya sola na kuugeuza uwashe tivii na taa. Shemeji aliiunda kwa mikono yake mwenyewe, akaileta Krismasi. Mama akaiweka sebuleni juu ya kabati, mahali ambapo kila mgeni ataiona, akaifunika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa akaweka kitako cha simu. Jumapili alipokwenda misa niliizima. Kimya. Nikaiwasha: dagaa. Nikaizima tena: kimya.

Aliporudi nikamwambia.

"Siyo inveta," alisema.

"Mama, nimeizima nikasikia kwa masikio yangu."

"Umeizima? Nani kakutuma uzime zawadi ya mkwe wangu?"

"Basi tuipeleke stoo."

"Dada yako akija akaikuta stoo na majembe, atamwambia mumewe nini? Kwamba mama mkwe kaitupa?"

"Tumwambie inapiga kelele, airekebishe. Si ni fundi?"

"Mkwe haambiwagi hivyo. Wewe unaulizaga kila kitu, ila kujibiwa hutaki."

Nilimpigia shemeji nikamwambia simu ya mama ina hitilafu. Kwa kiasi fulani ilikuwa kweli.

Alikuja Jumamosi na pikipiki yake, amepitia Kiabakari kununua betri mpya ya mkonga. Akasalimia kutokea zizini, mama akaitikia akiwaangalia kuku. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa nyumba, akaanza kutengeneza simu iliyo sebuleni kwa kutumia mikono yangu.

"Shemeji, mikono hiyo ya chuo imeshawahi kushika bisibisi?"

"Imeshika kalamu."

"Basi ishike kama kalamu ya mtihani ambao hukuusomea."

Nilibadilisha betri. Nilisafisha vyuma vya chaji. Nilizungusha antena kila upande. Mkaango ulikuwa palepale.

"Kitako kimekaa juu ya nini?" aliuliza.

Mama, kutoka kwenye kochi, akatikisa kichwa.

"Juu ya kabati," nikasema.

"Juu ya kabati lenyewe?"

"Kuna kitambaa."

"Na chini ya kitambaa?"

Mama alinitolea jicho ninalolijua tangu darasa la kwanza.

"Sioni vizuri."

"Na miwani yote hiyo," shemeji akasema. "Haya, ngoja nipige mwenyewe. Mwambie mama apokee."

Simu ikalia. Mama akauchukua mkonga kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Nilikuwa dirishani, nikawaona wote wawili wamepeana migongo, ukuta katikati. Shemeji alisikiliza. Akainamisha kichwa.

"Mama, hiyo sauti naijua. Nilishinda nayo mezani wiki nzima. Ni inveta yangu."

"Hapana baba. Inveta ni nzuri sana. Tunaangaliaga taarifa ya habari kila siku."

"Inakwaruza, mama."

"Haikwaruzi. Labda inakohoa kidogo."

Shemeji akacheka mpaka ndoo ikayumba. "Mteja akinificha ugonjwa wa kifaa, nitakitibu vipi?"

"Mimi siyo mteja."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, mama."

Mama akasema, "Baba, dada yangu haniongeleshi. Anadhani namfokea. Namsikia kwa shida, basi napaza, naye anakasirika. Sasa hapigi."

"Shemeji, zima," sauti ikaja kwenye simu na uani kwa pamoja.

Nikazima. Mama akautoa mkonga sikioni, akautazama, akaurudisha.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Nipo hapahapa, zizini."

"Unasikika kama uko sebuleni."

Nadhani wote wawili walikuwa wanalipima hilo.

Inveta ilihamia stoo, kwenye meza yake yenyewe, ndani ya debe la bati alilolitoboa shemeji ili ipumue, na waya mrefu ukaleta umeme sebuleni. Mama alitaka kitambaa kiende nayo. Shemeji akasema itapata joto. Walilijadili hilo kwa simu, yeye akiwa kwenye ndoo na mama kwenye kochi, wakaelewana kitandikwe chini ya debe.

"Kwa hiyo kuongea naye hivi inaruhusiwa?" nilimuuliza mama.

"Simu ina uso?"

"Haina."

"Sasa unauliza nini?"

Nilitaka kuuliza kuhusu simu za video, nikaona nimwache.

Jioni alibonyeza kitufe kilichofutika. Nilikuwa mbali kidogo, ila mkonga ulikuwa safi kiasi kwamba nilisikia mpaka mawimbi ya Rukuba.

"Dada, umeshindaje?" mama alisema, taratibu, kama mtu anayebeba mayai.

Mama mkubwa akadakia upande wa pili.

"Mbona unanong'ona? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi paza sauti, mdogo wangu. Huku kuna upepo."