Milango Minne ya Papa Amisi

Chekeni mapema mmalize, ndipo nisimulie vizuri, maana aibu yenyewe ni kubwa na sina pa kuificha. Hapa Kisangani wapo watu wazima, wenye heshima zao, ambao mara ya kwanza kuniona hawakuniona uso. Waliona makalio. Yalikuwa yametoka kwenye dirisha la gari, yameelekea bendera, na wakati ule wa Zaire (mliokuwepo mnakumbuka) bendera haikuwa kitu cha mtu kuelekezea makalio.

Kilichoniponza ni mdomo. Nilikuwa fundi wa kufuli sokoni, nina meza yangu na kopo langu la funguo za zamani, natengeneza kufuli za maduka, masanduku ya wasafiri wa boti za Basoko, makabati ya wamama ambao watoto wao wamejifunza kuiba sukari, na mkono wangu ulikuwa mzuri, hilo hata adui yangu atakubali. Ila kufuli ya duka ni kitu kimoja na kitasa cha gari ni kitu kingine, na mimi gari nilikuwa nalijua kwa kulipisha barabarani tu.

Sasa, wakati huo nilikuwa nampenda Mwamini, binti wa Papa Amisi. Papa Amisi alikuwa mfanyabiashara wa mchele, Mwislamu wa familia ya zamani ya mji huu, mtu wa maneno machache, mwenye Peugeot yake nyeupe. Mwamini alikuwa anasomea ualimu na mwenyewe alishanikubali, wazazi wangu walishapeleka maneno yakapokelewa vizuri, kilichobaki ni neno la Tonton Salumu, kaka mkubwa wa Papa Amisi, aliyekaa Kindu, kwa sababu katika familia ile binti haolewi mpaka mkubwa wao amwone mwanaume kwa macho yake. Tonton angekuja kwa ndege. Akinikubali nimeoa, akinikataa imekwisha, hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Bon, siku chache kabla ya ndege, Papa Amisi akaja mezani pangu. Akaniambia kitasa cha mlango wa dereva kimechoka, kinafunguka kwa ufunguo wowote, juzi amekifungua kwa kijiko cha chai ili ahakikishe, je, naweza kukitazama? Kitasa kimoja. Mwenye akili angesema ndiyo papa, akabadilisha springi, akanywa maji, akaenda zake. Mimi nikajibu: "Papa, miye nitakutengenezea milango yote ine."

Nani aliniomba minne? Hakuna. Nilitaka tu Tonton akifika aambiwe kwamba huyu kijana alitengeneza milango yote.

Nikaanza kazi uani kwao asubuhi, Mwamini anapita na ndoo anajifanya hanioni, na mimi kila akipita nashika bisibisi kwa madaha. Milango mitatu haikuwa na ubaya wowote, lakini nilishasema minne, nikaifungua yote. Kisha nikakumbuka wezi. Wezi wa wakati ule walikuwa wanapitisha waya kwenye mpira wa kioo, wananasa kile kidude kinachosimama pembeni ya dirisha, kile cha kubonyeza ukifunga na kuvuta ukifungua, wanakivuta juu, gari limefunguka. Wenye magari mjini walikuwa wanakata kichwa cha kile kidude mlango mmoja au miwili, ili kikibonyezwa kizame ndani kabisa na waya usipate pa kushika, halafu mlango mmoja wanauacha ulivyo. (Kwa nini wanauacha, sikujiuliza. Nilidhani ni uvivu.) Mimi nikakata vyote.

Likabaki suala la kulainisha. Mafuta ya mashine yalikuwa yameniishia, na kuyapata ilikuwa niende hadi upande wa pili wa mji, jua kali, na Mwamini alikuwa anakaribia kupita tena. Jikoni kulikuwa na mawese. Kufuli zangu za sokoni nazitia mawese tone moja kwa unyoya wa kuku na hazijawahi kulalamika, nikawaza, kama tone linasaidia kufuli, gari linahitaji kikombe. Nikamimina. Kitasa kikawa laini, ufunguo unazunguka wenyewe, Papa Amisi akajaribu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia kesho twende wote uwanja wa ndege wa Bangboka kumpokea Tonton. Nililala nikiwa mkwe.

Ndege, kama kawaida yake, ilichelewa mpaka jioni. Tonton akashuka, mzee mrefu, kanzu nyeupe imenyooka kana kwamba hakukaa kwenye kiti, na gunia la mchele wa Maniema. Alinisalimia kwa vidole viwili tu. Pale uwanjani watu walikuwa wengi wanasukumana, wengine wameshaanza kushika mizigo yetu, basi tulipoingia garini Papa Amisi akaniambia nifunge milango. Nikabonyeza vidude vyangu kimoja kimoja, vikazama vizuri sana. Nikamweleza Tonton, bila kuulizwa, kwamba sasa hakuna mwizi wa Zaire nzima anayeweza kufungua gari hili.

Tulikuwa tumeshaingia mjini, tunapita mbele ya ofisi moja ya serikali, ndipo filimbi ikalia. Wanateremsha bendera. Na sheria ya jioni kila mtu aliijua hata mtoto: filimbi ikilia unasimama hapo ulipo, mwenye baiskeli anashuka, mwenye gari anazima, anatoka, anasimama wima mpaka bendera iishe kushuka. Papa Amisi akazima gari. Akavuta mpini wa mlango, mlango haukujali. Akatafuta kidude avute, akagusa tundu.

"Assumani," akaniita, na hilo ndilo jina langu, "tunatokaje?"

Nikamwambia kwa utulivu (utulivu wa mjinga) ni rahisi papa, shusha kioo, toa mkono nje, tumia ufunguo. Akafanya hivyo. Kumbe mawese yakilala usiku yanaganda, na yakipata vumbi la barabara ya Bangboka kwenda na kurudi yanakuwa udongo wa kufinyangia chungu. Ufunguo ukaingia nusu, ukagoma, Papa Amisi akaukaza, nikasikia "kap". Akaurudisha mkono ndani ameshika kipande. Na funguo za milango hazikuwa mbili, ya pili ilishapotea zamani, na ule wa kuwashia gari ulikuwa mwingine kabisa.

Nje watu wote wameshatoka kwenye magari, wamesimama. Sisi tu ndio tumekaa, wanaume watatu, kama tuko sebuleni. Na kukaa bendera ikishuka haikuwa mchezo, watu walilala ndani kwa makosa madogo kuliko hayo. Papa Amisi alikuwa ameanza kutoka jasho kwenye kola ya abakosi yake, lile koti la heshima la wakati ule. Nikasema moyoni, angalau mmoja wetu atoke asimame, waone tuna nia njema. Nikashusha kioo changu cha nyuma, nikafikiria: nikitoa kichwa kwanza nitaanguka kwa mikono mbele ya bendera, heri nitoe miguu kwanza nitue nimesimama, kiheshima. Nikatoa miguu. Nikatoa mapaja. Nilipofika kiunoni filimbi ya pili ikalia, ile ya kuanza kuteremsha, na baada ya ile hakuna anayetikisika.

Basi sikutikisika. Miguu yangu inaning'inia nje bila kugusa chini, kifua na kichwa viko ndani, uso wangu umekaribia sikio la Tonton Salumu, niliyekaa naye nyuma, na hicho kilichobaki, ambacho sitakitaja tena, kimeelekea mlingoti. Suruali nayo ikaamua kupasuka wakati ule ule, taratibu, uzi mmoja mmoja, na mji mzima umenyamaza kwa hiyo inasikika. Tonton hakugeuka. Nilimwona kwa pembeni tu akimeza mate. Kutoka kwenye tundu la mlango wake mawese yaliyokuwa hayajaganda yalikuwa yanachuruzika mekundu juu ya kanzu, na yeye pia haruhusiwi kutikisika, kwa hiyo tukayatazama wote wawili yanavyoshuka. Na ile bendera, sijui siku hiyo ilikuwa na nini, ilishuka kwa kusitasita, na mimi nikaomba dua zote nilizofundishwa madrasa ifike chini upesi nife au nipone.

Ilipofika chini, jandarme mmoja, askari wa pale, akavuka barabara akaja mpaka nyuma yangu.

"Citoyen," akasema, yaani mwananchi, "bendera yetu unaionyesha nini?"

Niliteleza ndani na kujigeuza haraka nikatoa uso dirishani badala yake, na hapo ndipo nilipomwona Mwamini. Alikuwa upande wa pili wa barabara na wanafunzi wenzake, vitabu kifuani, wenzake wamefunika midomo kwa mikono, mabega yanatikisika. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, na niliona aibu kuliko kama angecheka.

Jandarme akauliza kwa nini hawa wazee hawakushuka. Papa Amisi akasema gari ni la zamani, chef, vitasa vimechoka. Alikuwa ananifunika. Mtu ambaye hajanikubali bado, ambaye nimemfungia ndani ya gari lake mwenyewe, ananifunika ili nisiende kulala ndani. Jandarme akasema basi mwenye gari ashuke aje kueleza ofisini, na nikajua akiingia Papa Amisi kule, kutoka ni habari nyingine.

"Chef, motokari haina kosa, na papa hana kosa," nikasema. "Ni miye nilitengeneza hizi milango. Nilikata vidude vyote, na nilitia mawese."

"Ulitia nini?"

Hakuamini. Akajaribu mlango wa kwanza, ukagoma. Akazunguka, wa pili, wa tatu, wa nne. Akatia kidole kwenye tundu la ufunguo, akakitoa chekundu, akakinusa. Kisha akaanza kucheka, polepole kwanza, halafu akashika paa la gari kwa mikono miwili, na kwa kuwa chef amecheka, barabara nzima ikapata ruhusa. Walicheka, ndugu zangu. Wapo waliokaa chini. Mimi pia nilijaribu kucheka lakini ilitoka sauti nyingine.

Hakutupeleka popote. Watu wakaja kumvuta Tonton kupitia dirishani, huyu ameshika kwapa, yule ameshika mguu, jandarme mwenyewe amemshikia kofia kwa heshima, halafu Papa Amisi, halafu mimi, na kwa sababu hatukusimama wakati wa kusimama, akatupanga watatu mbele ya mlingoti usio na kitu, tukasimama wima tukiuangalia hadi aliporidhika. Papa Amisi akarudi kuingizwa dirishani ili aendeshe gari nyumbani. Tonton alikataa. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani, michirizi myekundu kwenye kanzu, na mimi nyuma yake nimebeba gunia la mchele kwa mkono mmoja na kuziba suruali kwa mwingine.

Mama yangu usiku huo alinishauri nisionekane kwa wale watu wiki nzima, wapoe kwanza, halafu tutume mtu mzima aombe radhi. Lilikuwa shauri zuri na nilitaka sana kulifuata. Nililala nikalia, nawaambieni ukweli, kwa sababu niliona nimempoteza Mwamini kwa kikombe cha mawese. Lakini asubuhi nikafikiria lile gari limekaa pale uani limefungwa, na Papa Amisi anahitaji kupeleka mchele wake kwa kupita dirishani, nikashindwa. Nikachukua beseni, nikaomba esansi, yaani petroli, kidogo kwa jirani mwenye pikipiki, nikaenda.

Tonton alikuwa ameketi uani kwenye kiti. Nikamsalimia, akaitikia. Nikaingia garini kwa njia ninayoijua, nikabandua ngozi ya mlango kwa ndani, nikavuta chuma kwa mkono, mlango wa kwanza ukafunguka. Vitasa vyote nikavitoa nikavilaza kwenye esansi, ukatoka uchafu ambao ningeona haya hata kuumwaga mbele ya kuku. Nikatoa kipande cha ufunguo uliovunjika, nikachonga mwingine, vile vidude nikavitengenezea vichwa vipya vya mti. Mafuta safari hii yalikuwa ya mashine, nilipita kuyatafuta upande wa pili wa mji kama nilivyotakiwa tangu mwanzo. Jua lilikuwa juu kabisa nilipomaliza. Tonton akainuka, akafungua mlango wa kwanza akaufunga, wa pili, wa tatu, wa nne, akaingia ndani, akajifungia, akajifungulia, akatoka.

"Kuharibu, kila mutu anaharibu," akasema. "Jana njia yote nilikuwa najiuliza kitu moja tu: huyu kijana, asubuhi atarudi?"

Kisha akamwita Mwamini alete chai, na akamwambia alete vikombe viwili. Nikanawa esansi mikononi, nikaketi naye.

Tangu siku hiyo nimeapa: nikiombwa kitasa kimoja natengeneza kimoja, mlango mzima siugusi, na mawese nayala kwenye pondu tu, kisamvu chetu. Watoto wetu wakitaka kunichokoza wanauliza habari za bendera, mama yao anawanyamazisha. Lakini mara moja, tulipokuwa wawili, nilimuuliza kwa nini siku ile hakucheka kama wenzake, na Mwamini akanijibu bila kuniangalia.

"Bote balikuwa banaangalia bendera. Miye nilikuwa naangalia weye, na nilikuwa naomba isifike chini, sababu ikifika chini batakukamata."