Wembe wa Mzee Kalenga

Kazi zilipokufa Likasi, mwaka wa tisini na tatu, jirani yetu Kalenga, mchora ramani wa kampuni ya migodi, alirudi nyumbani na ramani moja ya zamani chini ya koti. Nilimcheka. Ramani haiivi sufuriani. Lakini alituonyesha mahali karakana zilipokuwa zamani, tukachimba, tukatoa nyaya za shaba. Nikaacha kucheka.

Siku moja akaweka kidole karibu na reli, penye weupe mtupu. “Hapa hawakujenga kitu. Walitupa vyuma tu.”

Tulichimba mpaka mke wangu Philomène akainua sahani na kikombe cha bati, vyote vimetobolewa, jinsi tunavyotoboa vyombo vya marehemu kabla ya kuviacha juu ya kaburi lake.

“Baba Kalenga,” akasema, “huku ni ku malalo. Kuko bantu chini.”

Mzee akakaa kwenye udongo. Alikuwa kijana, akatuambia, bosi alipomwamuru aondoe makaburi ya vibarua kwenye ramani. Akachukua wembe, akakwangua wino, msalaba baada ya msalaba. Bosi alimsifu mbele ya wenzake.

“Nilifuta bien, safi kabisa,” akasema. “Mpaka leo miye mwenyewe nikaamini ile ramani.”