Injini Iliyokuwa ya Moto

Nikinusa dizeli, mpaka leo naikumbuka siku moja. Nilikuwa na miaka tisa, ukame umetubakizia ng'ombe wanne, na baba alitaka kuwabadilisha wote na gari kuukuu la dizeli la mtu mmoja pale Maganzo.

Kabla halijawashwa, mama aliigusa injini.

“Baba watoto, ni ya moto. Ameiwasha kabla hatujafika. Tusubiri ipoe.”

“Mama, kumbe fundi?” mwenye gari akacheka.

“Najua jiko lililokokwa.”

Tulisubiri juani. Ilipopoa, mwenye gari akajaribu kuiwasha; ikakohoa moshi mweupe, ikakataa kuwaka.

“Ni betri tu,” akasema.

“Betri ikifa haikohoi. Ni pampu ya dizeli,” mama akasema. “Kuitengeneza ni ng'ombe wengine, nasi hatuna.”

Baba akawatazama ng'ombe tuliowafunga kando.

“Mwanangu,” akaniambia, “fungua ng'ombe twende.”

Ng'ombe wale wanne walizaliana; leo nina malori mawili ya dizeli, nyumba mjini, Ngokolo, na zizi limejaa.